Safari ya Tuzo Inayofika Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika chakula cha jioni cha harambee ya mwaka



Kila mwaka kamati hii husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Mwaka huu vitabu vya hesabu mmewekewa mezani, vimekaguliwa, na kila mmoja anaweza kuvifungua. Kwa hiyo tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo jingine, nalo ni safari ambazo makampuni huwapa wafanyakazi wao kama tuzo. Tunataka kueleza namna ya kupanga safari ya namna hiyo kwenda kwetu Mafia, na kwa nini jambo hilo ni la chama cha maendeleo.

Wengi wetu hapa tumeajiriwa. Tunajua timu ya mauzo ikivuka lengo, au tawi likifanya vizuri kuliko mengine, uongozi hutenga fungu na kuwapeleka watu mahali. Zamani ilikuwa chakula cha mchana na cheti. Siku hizi ni siku tatu au nne, hoteli, fulana za rangi moja na picha nyingi. Wanaopanga safari hizo ni watu kama sisi: wa utumishi, wa manunuzi, wa uhasibu. Tunakaa kwenye vikao ambavyo mahali huchaguliwa, na mara nyingi tunanyamaza, kisiwa chetu hakitajwi.

Na kikitajwa, hakipangwi vizuri. Ipo kampuni moja iliyopeleka watu wake Mafia, na tuliofuatilia tuliona ilivyokuwa. Mboga zilitoka mjini, maji ya chupa yalitoka mjini, mpiga muziki alitoka mjini, hata madafu yalisafirishwa kutoka mjini kwenda kisiwa cha minazi. Wageni walifurahi na walirudi salama, alhamdulillahi. Lakini kijiji kilichobaki nyuma kilipata vumbi la magari.

Tuanze na mahali penyewe, kwa sababu mpangaji asiyepajua atapanga vibaya. Mafia siyo ufuo mrefu wa mchanga mweupe wenye gati kila kona. Ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe, mikoko na maji yanayotembea. Upande wa mashariki, nyuma ya Juani, bahari kuu hupiga mwamba moja kwa moja. Ndani ya ghuba ya Chole maji yametulia kwa kuwa Juani na Jibondo zimeikinga, lakini njia za kuingia na kutoka zina mkondo mkali. Nahodha asiyezijua hafai kupewa roho za watu. Sehemu kubwa ya eneo hili ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye kilomita za mraba 822. Ndani ya eneo hilo wanaishi watu, wanavua, wanaoza watoto wao. Mgeni anaingia sebuleni kwa wenyewe.

Sasa tarehe. Hapa ndipo makampuni mengi hukosea, kwa sababu tarehe hupangwa na kalenda ya fedha na bahari haina habari nayo. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na kusi huanza kuvuma katika kipindi hichohicho. Hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei. Kuanzia Juni mpaka Septemba kusi ni kali, safari za boti ndogo huahirishwa mara kwa mara, ingawa ndiyo miezi mizuri ya kuona watoto wa kasa wakitoka mayaini Juani. Oktoba na Novemba ni maleleji, bahari hulala. Kisha kaskazi huja Desemba hadi Machi.

Kwa kikundi kisicho cha wazoefu wa bahari, kipindi bora ni Oktoba hadi Februari. Ndiyo pia miezi ambayo papa potwe huonekana karibu na pwani ya Kilindoni. Samaki huyu anaweza kupita urefu wa mita 10, na hula dagaa wadogo na viumbe wadogo mno wa majini. Baadhi yao hukaa katika maji yetu mwaka mzima, ila katika miezi hiyo husogea karibu na juu. Mgeni aambiwe kabla hajapanda boti: hatumgusi, hatumkatizi mbele, hatumzungushii boti nyingi. Boti moja ikifika, nyingine isubiri zamu. Wafanyakazi 40 hawaingii majini kwa pamoja. Waende kwa makundi madogo, siku mbili tofauti.

Baada ya mwezi, tutazame siku. Hapo lazima tuulize maji. Wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa, lakini ofisa wa utumishi wa ghorofa ya saba anahitaji kuelezwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa takriban saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa takriban saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa kwenye saa nne asubuhi. Kwa hiyo ukitaka wageni wale chakula juu ya fungu la mchanga asubuhi, chagua bamvua, fungu litatoka. Ukitaka waende Chole asubuhi bila kutembea kwenye tope na matumbawe wakiwa na viatu mkononi, chagua maji mafu. Huwezi kupata vyote viwili siku moja. Ratiba nzuri huandikwa kwanza kwa saa za maji, ndipo hotuba za mkurugenzi zikatafutiwa nafasi.

Pia tutazame kalenda ya wenyeji. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo mwaka mmoja inaweza kuangukia katikati ya msimu mzuri wa wageni. Mwezi huo manahodha na wapishi wetu wamefunga. Kuleta karamu ya mchana kijijini wakati huo ni kuwavunjia heshima. Ijumaa mchana boti zisiwe na safari, wenyewe wako msikitini. Na mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Haya yakisemwa mapema na kwa upole, hakuna mgeni anayeyakataa. Yakisemwa pale pale kijijini mbele ya watu, kila mtu hupata aibu.

Usafiri. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni ni kama nusu saa hadi dakika 45, lakini ni ndege ndogo. Kwa ndege ya abiria 12, watu 40 ni safari nne. Maana yake wa kwanza atafika asubuhi na wa mwisho mchana, na sherehe ya kufungua isiwekwe saa tatu. Mizigo hupimwa kwa kilo chache, kwa hiyo vipaza sauti, mabango na fulana vitangulie kwa feri ya Nyamisati. Walio na muda wanaweza kupanda feri hiyo wenyewe. Sisi tuliovuka miaka arobaini tunakumbuka kulala majini ndani ya jahazi tukisubiri maji, na tunajua feri ilivyotupunguzia hofu. Na kwa wale watakaozamia kwa mitungi ya hewa: baada ya kuzamia mara ya mwisho hairuhusiwi kupanda ndege mara moja. Ushauri wa kawaida kwa aliyezamia zaidi ya mara moja ni kungoja angalau saa 18, na wengi huzifanya 24. Kwa hiyo siku ya mwisho iwe ya kutembea, siyo ya kuzamia.

Siku hiyo ya kutembea tunayo mengi ya kuonyesha. Chole kuna popo wakubwa walao matunda wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na kuna magofu ya enzi ya Wajerumani, waliofanya Chole makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mapema karne ya 19. Mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na kutoka hapa ndege zao ziliruka kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, hadi ikaangamizwa Julai mwaka huohuo. Meneja wa mauzo akisimuliwa hayo na kijana wa Juani mwenyewe, ataondoka na kitu kuliko mchezo wa kuvutana kamba.

Usalama hauna mjadala. Kila boti iwe na cheti cha ukaguzi cha TASAC kinachosomeka tarehe, jaketi okozi kwa kila mtu na linalomtosha, redio au simu inayoshika mtandao, na orodha ya majina inayobaki nchi kavu. Nahodha akisema leo hatutoki, neno lake ndilo la mwisho, hata kama mkurugenzi mkuu amekwisha vaa miwani ya kuogelea. Tunaomba sharti hili liandikwe kwenye mkataba, kwa sababu nahodha wetu ni kijana maskini na mgeni ni mtu mkubwa, na bahari haijui vyeo.

Tuje kwenye fedha, eneo letu. Tuchukue mfano wa mezani, siyo bei ya mtu yeyote, ili tuone hesabu inavyokaa. Wafanyakazi 40, usiku tatu, bajeti shilingi milioni 60, yaani milioni moja na nusu kwa kila mtu. Ndege milioni 16. Malazi na chakula milioni 24, na tuseme ndani yake chakula ni milioni 8. Tozo za hifadhi milioni 2. Boti na waongozaji milioni 6. Usiku wa kijiji na zawadi milioni 4. Bima, mhudumu wa afya na dharura milioni 3. Akiba ya yasiyotarajiwa milioni 5. Jumla ni 60.

Sasa angalieni mistari mitatu: chakula 8, boti na waongozaji 6, usiku wa kijiji na zawadi 4. Hiyo ni milioni 18, asilimia 30 ya bajeti nzima. Samaki na pweza wakinunuliwa kwa wavuvi wetu, madafu na mboga kwa wakulima wetu, mikeka ya ukili kwa mama zetu, boti zikiwa za wenyeji, milioni 18 zinalala kisiwani. Vyote vikibebwa kutoka mjini, kinacholala kisiwani ni bakshishi. Kampuni inatumia shilingi zilezile 60. Tofauti iko kwenye mpango.

Kwa nini basi haifanyiki? Tumewauliza wenzetu wa manunuzi, na jibu lao ni la haki. Kampuni inahitaji risiti ya mashine ya kielektroniki. Mama anayeuza pweza hana. Kijana wa ngarawa hana namba ya mlipakodi. Mhasibu wa kampuni akilipa bila risiti, mkaguzi atamkatalia gharama hiyo. Kwa hiyo anamlipa muuzaji mmoja mkubwa wa mjini, na amemaliza kazi. Hana chuki na Mafia. Anajilinda.

Dawa yake ni vikundi. Wavuvi, wapishi, waongozaji na wasusi wakiwa na kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na mtu mmoja anayejua kuandika ankara, kampuni itamlipa huyo mmoja, naye atagawa kwa karatasi ya saini. Wajue tu mapema kwamba mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, wasije wakadhani wameibiwa. Na kampuni nayo ijue kwamba kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, iliyolipwa kwenye burudani kwa kawaida hairejeshwi, na kwamba safari ya zawadi inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mapato ya mfanyakazi na kutozwa kodi. Hayo yaulizwe kabla ya bajeti kupitishwa, yasije kugunduliwa kwenye mshahara wa mwezi unaofuata. Zawadi inayokatwa kodi bila taarifa huacha manung'uniko.

Kamati imejadili pia nafasi ya chama. Walikuwepo waliosema chama kiwe dalali, kichukue kamisheni kwa hoteli na kwa wenye boti. Tumepinga. Kamisheni ya pembeni humrudia mvuvi kama bei ndogo. Tunapendekeza ada moja ya uratibu, isiyozidi asilimia 5, iandikwe wazi kwenye ankara ya kampuni. Katika mfano wetu ni milioni 3, nayo ilipwe kutoka kwenye akiba ya kampuni, isiguse zile milioni 18. Fedha hizo zote ziingie kwenye mfuko mmoja tu, ule wa matangi ya maji ya mvua kwa shule za visiwa vidogo.

Matangi hayo hatukuyachagua kwa bahati. Wenyeji wa Jibondo mlioko hapa mnajua kisiwa chenu hakina maji baridi ya chini ya ardhi ya kutosheleza. Kwa miaka mingi watu wamekinga mvua, na ikikatika, maji yamekuwa yakivushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Sasa fikirini: Januari na Februari ni wakati wa jua kali, na ndio msimu tunaowaalikia wageni. Kikundi cha watu 40 kinachooga mara mbili kwa siku kinakuja wakati mtoto wa Jibondo anapewa maji kwa kikombe. Hatuwezi kuwaita wageni na kulifumbia macho hilo. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100 za maji. Mapaa ya bati ya shule tunayo. Mvua Mungu anatupa. Kinachokosekana ni mifereji na pa kuyaweka.

Tuwape taarifa moja ya mwisho, ili mjue tunalolisema tumekwisha lijaribu. Mwaka huu kampuni moja, ambayo baadhi ya wanachama wetu wanafanya kazi humo, imetuomba mpango wa safari ya wafanyakazi 40. Wanataka katikati ya Aprili, kwa sababu mwaka wao wa mauzo unafungwa Machi. Lilikuwa ombi letu la kwanza la aina hiyo, na wako waliotusihi tukubali haraka, kwamba ukimkataa mgeni wa kwanza wa pili haji. Tuliwaandikia kwamba Aprili hatuwashauri, tukawapa tarehe mbili za Novemba, moja ya bamvua na moja ya maji mafu, pamoja na bajeti, majina ya vikundi na sharti la nahodha. Jibu hatujalipata. Inawezekana wataenda kwingine. Tuko tayari kuwakosa. Watu 40 wakitapika kwenye mawimbi ya masika, au Mungu apishe mbali, boti moja ikapinduka, jina litakaloharibika ni la Mafia, na hakuna matangi yatakayolisafisha.

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu. La kwanza, wewe uliyeajiriwa, mahali pa safari panapojadiliwa ofisini kwako, usinyamaze. Taja nyumbani, na uje kwetu upewe mpango uliokamilika. La pili, wenye taaluma, hasa wahasibu na wanasheria, mtupe siku mbili kila mmoja mwaka huu twende Kilindoni, Utende, Chole, Juani na Jibondo kuwasaidia vikundi kujisajili na kujifunza kuandika ankara. Nauli tutajilipia wenyewe. La tatu ni bahasha iliyo mbele yako. Yote yatakayoingia usiku huu yanakwenda kwenye matangi, tangi la kwanza likiwa la Jibondo, na hesabu yake itabandikwa kwenye ubao wa shule na kwenye kijitabu cha mwakani, shilingi kwa shilingi.

Tusisubiri safari za makampuni ndipo mtoto anywe maji. Hizo zikija zitatukuta tumekwisha anza.

 Kalamu ziko mezani.